Shahidi wa utambuzi wa usiku: ninavyomdodosa bila kupandisha sauti

Kwenye utetezi wa jinai kuna ushauri utausikia kila kona: shahidi mbane, mfokee, mwite mwongo. Upuuzi mtupu. Mtu aliyevamiwa usiku akaporwa, ukimfokea, hakimu anamhurumia yeye na mteja wako ndiye anayelipia. Tena mara nyingi hadanganyi. Amekosea, na anachosema anakiamini.

Mimi huanzia kwenye mwanga. Rufaa ya Waziri Amani (Waziri ni jina la mtu) dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania, 1980, iliweka vipimo vya utambuzi: alimtazama kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulikuwaje, alikuwa akimfahamu kabla? Mawakili wanavikariri, kisha wanauliza, "Ulimwona vizuri?" Atajibu "vizuri sana," na jibu limeshaingia kwenye mwenendo wa kesi. Mimi neno "kuona" silitaji. Nauliza taa ilikuwa ya aina gani, ilikaa wapi, yeye alisimama wapi. Halafu tochi: ilishikwa na nani? "Na wavamizi." Walimulika wapi? "Usoni mwangu." Nageuza ukurasa. Anayemulikwa usoni hamwoni anayemmulika, lakini hoja hiyo naiweka kwa majumuisho, yaani hoja za mwisho baada ya ushahidi wote. Ukiropoka, "Sasa ulimtambuaje?" basi ghafla kutakuwa na mbalamwezi.

Kutoka hapo nahamia kwa mtu wa kwanza kufika baada ya tukio. Nani alikuja? Ulimwambia nini? Jina ulilitaja? Kesi ya Marwa Wangiti Mwita, 2002, inasema kumtaja mshukiwa mapema ni uthibitisho mkubwa wa kuaminika kwa shahidi, na kuchelewa bila maelezo kunaitaka mahakama ijiulize.

Ikiwa maelezo yake ya polisi yanasema "watu nisiowafahamu", kuyasoma kwa sauti tu hakutoshi. Mpe ayatambue pamoja na saini yake, mwoneshe mstari wenyewe unaopingana na alichosema kizimbani, kisha omba yapokelewe kuwa kielelezo cha utetezi. Bila hivyo hayamo kwenye ushahidi, na kwenye rufaa huna pa kuyashika.

Maswali haya yote hayana maana kama hujafika eneo la tukio. Nenda usiku, na mkanda wa kupimia. Gharama ni nauli tu. Kwa shahidi aliyekuwa jirani wa mshtakiwa miaka mingi, mwanga unapungua uzito, ingawa hata mtu unayemfahamu unaweza kumfananisha. Hapo natumia muda mwingi zaidi kwenye ugomvi wa zamani kati yao.