Mvua isiyonyesha Nungwi
Jamani mnaochukua data za mvua za setilaiti kwa Unguja na Pemba, ogopeni ukingo wa pwani. Kipokezi cha maikrowevu cha GPM, setilaiti ya kupima mvua iliyorushwa 2014, kwenye masafa ya gigahezi 10.65 huona kwa mara moja doa (eneo la ardhi) la takriban kilomita 19 kwa 32. Unguja yenyewe haifiki upana wa kilomita 40! Kwa masafa hayo bahari huonekana baridi, nchi kavu joto, na mvua juu ya maji joto pia. Doa likishika Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na bahari pamoja, programu yaweza kusoma mvua ya uongo. Gigahezi 89 ina doa dogo, ila hutegemea barafu ya juu mawinguni. Mvua ya wingu fupi haina barafu, hupita kimya. Mkilinganisha na kipimamvua, ongezeni saa 3 kwenye data za setilaiti: ziko saa za Greenwich.