Kabla hujaangalia rangi ya samaki, angalia mdomo wake

Neoni tetra wangu, visamaki vya kufuga kwenye tangi la kioo, walikuwa 12. Nakumbuka vizuri maana ndo ilikuwa kazi yangu ya kwanza asubuhi, nawasha taa ya tangi, nasubiri wajikusanye pale kwenye majani halafu nahesabu ile mistari yao ya bluu mmoja mmoja. Wiki moja wakawa 11, nikasema labda mmoja kajificha nyuma ya filta. Mara 9. Mara 7. Hakuna aliyeelea, hakuna aliyeruka nje, maji napima zile sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, amonia sifuri, nitriti sifuri, na waliobaki wanakula vizuri tu. Usiku mmoja nimechelewa kulala, taa ya tangi imezimwa kitambo, nikamulika kwa tochi ya simu nikamkuta enjeli wangu mkubwa, samaki bapa mwenye mapezi marefu, katulia kwenye kona, na pale mdomoni kimechomoza kipande chekundu cha mkia.

Nlimchukia yule enjeli siku kadhaa, nisiwe muongo. Ila ukweli ni kwamba hakukosea kitu. Nlipomleta alikuwa mdogo kama sarafu, neoni wenyewe ndo walikuwa wanamsukuma kwenye chakula, na mimi nikaona basi hawa wanapatana. Sasa enjeli akikomaa mwili unafika kama sentimita 15 na kwa kimo, ukihesabu na mapezi, anapita hapo. Neoni hata akue vipi ni sentimita 3 au 4, mwembamba kama njiti ya kiberiti. Na wote asili yao ni bonde la Amazoni, yani huko kwao pia enjeli anakula visamaki vidogo, kwa hiyo usije ukadanganyika kwamba wanaotoka sehemu moja lazima waishi vizuri. Hata simba na swala wanatoka sehemu moja.

Tangu siku ile kabla sijaleta samaki yeyote naulizia atakuwa na ukubwa gani akiwa mtu mzima, sio ukubwa alionao leo kwenye mfuko wa plastiki. Oska unayemuona na urefu wa kidole atapita sentimita 30 na chochote kinachoingia mdomoni kwake ni chakula. Pleko wa kawaida, yule anayenyonya vioo, anaweza kufika sentimita 40 na tangi la lita 100 halimtoshi hata kugeuka.

Lakini mdomo ni nusu tu ya habari, kuna hili la ukorofi na hapa ndo naona watu wengi wanaumia bila sababu.

Nlikuwa na barbi wa milia, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari minne myeusi, nikawaweka wanne pamoja na magapi madume. Gapi dume unamjua, mkia kama shela la bibi harusi, na haogelei kwa kasi. Siku ya tatu nikainama karibu na kioo nikaona mkia wa mmoja una vipande vimenyofolewa pembeni, kama jani lililopitiwa na kiwavi. Siku ya tano ule ukingo ukaota utando mweupe kama pamba, anaogelea juu juu kwenye kona, amebana mapezi, chakula anakitazama tu. Akafa. Nikaambiwa punguza hao barbi, basi nikatoa wawili nikabaki na wawili, na hao wawili ndo wakawa balaa kabisa, wakihama kutoka kwa gapi huyu kwenda kwa yule mchana kutwa.

Kumbe nlifanya kinyume. Barbi ni samaki wa kundi, ana ubabe wake anaotaka kuumalizia kwa wenzake, nani mkubwa nani mdogo, na akiwa peke yake au wako wawili ule ubabe wote unaishia kwenye mkia wa jirani. Nlipowahamishia tangi lao na kuwafikisha 10 wakawa samaki wengine kabisa, wanakimbizana wenyewe kwa wenyewe tangu asubuhi, hawaumizani, na wale tetra wenye mikia mifupi nlioweka nao hawana habari nao. Kwa hiyo mtu akiniambia samaki fulani ni mkorofi swali langu la kwanza ni uko nao wangapi? Neoni, barbi, koridora wale kambare wadogo wa chini, hawa wote wanataka wenzao, 6 ndo mwanzo na wakizidi ni bora zaidi. Usichukue wawili wa hawa, wawili wa wale na mmoja wa kule ili tangi liwe na rangi nyingi, hapo unakuwa na tangi lililojaa samaki wapweke wenye hofu. Ila hata barbi wakiwa 10 bado siwezi kuwaweka na mwenye mapezi marefu ya kuning'inia, gapi, enjeli wala beta, kile kitambaa kinawashinda kukiacha.

Na beta madume wawili kamwe, watapigana, hilo kila mtu analijua. Ambalo halisemwi sana ni kwamba beta dume anaweza kumwona gapi dume mwenye mkia mkubwa wa rangi kama mpinzani wake. Beta mmoja na kundi la koridora huku chini, tangi lenye nafasi na maji ya vuguvugu, kwangu limekaa vizuri, ila kila beta ana tabia yake, kwa hiyo uwe na chombo cha pembeni cha kumhamishia kabla hujajaribu.

Maji sasa. Hapa hakuna mjadala mrefu. Goldfishi anapenda maji ya baridi kidogo, nyuzi 18 mpaka 22 hivi, na anachafua maji kuliko umbo lake, diskasi anataka 28 mpaka 30, kwa hiyo ukiwaweka pamoja lazima mmoja ateseke na ukiweka katikati wanateseka wote wawili. Mbuna wa Ziwa Nyasa, hawa ni ukoo mmoja na perege na sato, wamezoea maji magumu, yani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) karibu na 8, neoni wao wanapenda maji laini yenye pH chini ya 7, na ukumbuke namba moja ya pH ni tofauti ya mara 10 sio jambo dogo. Mbuna mimi nawaachia tangi lao na mawe yao, ukali wao unawatosha wenyewe.

Kitu kinachonipa raha sana ni kupanga tangi kwa ghorofa. Kuna wa juu, kuna wa katikati, kuna wa chini, ukiwagawa hivo hata tangi la kawaida linaonekana kubwa na hawagombanii sehemu. Shida ni kwamba wa chini wanasahaulika kwenye chakula. Koridora sio mfagizi wa kula mabaki, huyo ni kambare mdogo anayehitaji chakula chake, nawawekea vidonge vinavyozama baada ya kuzima taa wakati tetra wameshatulia. Ukikaa gizani kimya unawasikia kabisa kokoto zinagongana.

Na ukiingiza mgeni kwenye tangi lenye wenyeji wanaolinda mipaka, sogeza mawe na magogo kwanza. Kila mmoja anajikuta hana eneo, wanaanza upya wote na mgeni anapata nafasi ya kupumua. Zima na taa siku hiyo.

Ila mgeni asiingie siku anayofika, jamani. Ule ugonjwa wa madoa meupe, unaoonekana kama mtu kamnyunyizia samaki chembe za chumvi, uliniingilia tangi zima kupitia samaki mmoja tu aliyeonekana mzima. Siku hizi kila mgeni anakaa wiki 3 mpaka 4 kwenye tangi dogo la pembeni na filta yake.

Saa hizi humo kuna koridora 6. Huko walikotoka waliwekwa kwenye changarawe kali, mmoja sharubu za kushoto zimekatika zimebaki vishina. Nimemtandikia mchanga laini, maji nabadilisha robo kila baada ya siku 3. Leo ni siku ya 9, na jana usiku kwa mara ya kwanza nimemwona kachimbia pua yake yote kwenye mchanga mpaka macho, mchanga unamtoka kwenye matamvua, wenzake watano wamejipanga pembeni yake.