Walionunuliwa kwa Thamani

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Wiki hii nimekaa na maneno machache ya Mtume Paulo: "Maana mlinunuliwa kwa thamani" (1 Kor 6:20). Tumeyasikia mara nyingi hata hayatushtui. Lakini wapo Wakristo wa nchi yetu ambao waliposomewa maneno hayo walikumbuka soko, na mkono wa mtu akihesabu fedha.

Ni watoto wa Misheni ya Bagamoyo. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Zanzibar wakaanza misheni pale. Watoto waliokombolewa katika soko la watumwa la Zanzibar ndio waliokuwa wanafunzi wa shule yake, na hao hao ndio waliokuwa waumini wa parokia. Kanisa na darasa vilizaliwa siku moja. Walijifunza kusoma, katekisimu, kilimo na useremala. Wasichana walilelewa na Masista Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion. Walipokua walioana, wakajengewa kijiji hapo hapo misheni.

Mwaka 1872 kimbunga kilibomoa majengo, wakajenga tena. Homa iliwaua wamisionari wengi wakiwa bado vijana, na makaburi yao tunayaona hadi leo.

Tukienda kuhiji Bagamoyo tunasimama kwenye mbuyu, kisha kwenye mnara ulipolazwa mwili wa David Livingstone Februari 1874. Ni vema. Mimi lakini moyo wangu hubaki kwa wale watoto. Nasema wazi kwamba uhuru wao ulikuwa na mipaka: kengele, kazi ya shamba, hata mambo ya ndoa, mengi yaliamuliwa na wakubwa wa misheni. Na nani angewarudishia mama zao? Jambo hili huniumiza kila nikilitafakari, wala sidhani tunamheshimu Mungu kwa kulificha.

Hata hivyo, mwaka 1877, mapadre walipofungua misheni ya Mhonda kwenye milima ya Nguru, familia za Kikristo kutoka Bagamoyo zilikwenda nao. Hapo ndipo ninaposimama katika sala. Bara ndiko watumwa walikokuwa wakiswagwa kuja pwani, wamefungwa shingoni. Sasa watu waliokwisha kuuzwa waliipa pwani mgongo, wakaenda bara kwa miguu yao, mume, mke na watoto, wakafanya makao mapya ili wengine waone jinsi Mkristo anavyoishi. Imani iliyotufikia wengi wetu wa huku ilianzia kwenye nyumba zao.

Majina ya mapadre tunayasoma kwenye mawe ya makaburi. Ya wale watoto, mengi anayajua Mungu peke yake. Naomba katika Misa ya Jumapili hii kila mmoja wetu awaweke katika nia yake.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.