Natembeza gari kilomita 3,600 kwa mwaka na bima nalipa kushinda msafiri

Wiki jana kaka yangu mdogo alipitia kwangu Mamboleo, hapa Kisumu, akitoka Nakuru, tukakaa nje na chai, gari zetu zimepaki hapo mbele, Mazda Demio zote mbili na za mwaka mmoja. Stori ikafika kwa bima na ndio nikagundua kitu kimenisumbua mpaka leo.

Mimi yangu ni ya kwenda kazini tu. Mamboleo mpaka tauni kwa kupitia Kondele ni kama kilomita 6, jioni narudi, siku 6 kwa wiki, kwa hivyo mwaka mzima ni kama 3,600. Yeye kila wiki anatoka Nakuru anakuja Kisumu na kurudi, kama 180 kila upande, hiyo ni 18,000 kwa mwaka na hapo sijahesabu mizunguko yake ya Nakuru tauni. Anapita Salgaa katikati ya malori, anapanda Mau Summit na ukungu, Londiani, Kericho, ndio ashuke Ahero. Mimi hofu yangu kubwa ni boda kunikwaruza pale raundabauti.

Na mwenye analipa zaidi ni mimi.

Iko hivi. Bima kubwa, ile komprehensivu, huku kwetu inapigwa asilimia ya thamani ya gari. Mtu wa valuesheni anaangalia bodi, injini, na anaangalia maileji pia. Yangu haijatembea sana kwa hivyo iliandikwa 900,000, yake imechoka barabarani ikaandikwa 820,000. Sote tunakatwa asilimia 4, mimi 36,000, yeye 32,800, halafu kuna zile levi ndogo ndogo na stampu ya shilingi 40. Kumaanisha gari ikitembea zaidi bei inashuka, na ndiyo hiyo iko barabarani kila wiki! Najua wataniambia gari yangu ikiibiwa watanilipa pesa mingi kuliko yake, sawa, hiyo naelewa kabisa, lakini kuibiwa ni sehemu moja tu ya hiyo bima, ajali je? Ukichukua thadi pati, ile bima ndogo ya kulipia tu wale umegonga, ya gari ya binafsi ndio hata hakuna kuulizwa chochote, ni bei moja.

Uingereza ukiomba bima unaulizwa kabisa kwa mwaka utaendesha maili ngapi. Marekani kulikuwa na kampuni inaitwa Metromile, ilianza Oregon 2012, ulikuwa unalipa kiasi fulani kila mwezi halafu senti kadhaa kwa kila maili, na kulikuwa na kidude kinachomekwa chini ya dashibodi kinahesabu. Mimi sitaki hata kidude, picha ya dashibodi mara mbili kwa mwaka ingetosha kuanzia. Ingawa pia wasihesabu umbali peke yake, kilomita 10 za Kondele saa kumi na moja jioni na kilomita 10 za Salgaa usiku si kitu kimoja, kule mjini unatoboka bampa, kule juu watu wanakufa.

Kitu kingine, na hapa nilimwambia bro wazi. Huwa anabeba watu watatu wanachanga mafuta, ameanza kuwaitisha nauli ya kueleweka. Bima yake imeandikwa matumizi ya binafsi. Siku akigonga na abiria waseme walilipa, kampuni inaweza kukataa klemu na abaki na gari iliyokunjika na deni la hospitali za watu. Aliniangalia tu akanyamaza, lakini Jumatatu alinipigia akasema ameacha kubeba.

Yangu inaisha mwezi wa nane. Nimeshapiga picha dashibodi, ninayo na ya mwaka jana, zote mbili nitampelekea ajenti pamoja na barua kwamba sijawahi kuweka klemu hata moja. Nataka anitajie asilimia akiwa ameziangalia.