Maski wa inchi 49 pale Mille Lacs

Mi nimekulia Mwanza, na pale mwalo wa Kirumba samaki anajulikana kwa kilo, sangara anatupwa kwenye mzani, mzani unasoma, bei inaanza. Nilipohamia Minnesota nikakuta wavuvi wa huku samaki mkubwa wanamtaja kwa urefu, na hasa yule maski, jina lake kamili muskellunge, ambae wenyewe wanasema unarusha chambo mara elfu kumi ndo umpate mmoja.

Ilikuwa Oktoba, ziwa Mille Lacs, kaskazini ya Minneapolis, baridi imeshaanza kuuma vidole. Tulikuwa mimi, shemeji yangu, na mzee mmoja wa kizungu ninaefanya nae kazi, boti ni ya kwake na amemvua maski tangu kijana. Mzee alikuwa ametuelekeza kwamba chambo kikifika ubavuni mwa boti usikitoe majini, zamisha ncha ya fimbo uchore nane kubwa, kwa sababu maski anafuata kwa nyuma kimya kimya na mara nyingi anauma pale pale miguuni pako. Mchana karibu unaisha nikaona kivuli kirefu cha kahawia nyuma ya chambo, nikachora nane, kwenye kona ya pili akageuka, mdomo mweupe ukafunguka, fimbo ikavutwa hadi rili ikaanza kulia. Hapo kelele za shemeji aisee, sijui hata alikuwa anasema nini.

Mzee akamdaka na wavu mkubwa, ila hakumpandisha kwenye boti, wavu ukabaki majini na samaki ndani yake anapumua. Akachomoa ndoano kwa praizi ndefu. Shemeji akaguna, "Mbona kama paiki tu huyu shemeji?" Paiki ni samaki wa jamii moja na maski, na kweli wanafanana, mdomo ule ule wa bata, pezi la mgongoni limekaa nyuma kabisa karibu na mkia. Mzee akasema kabla ya futi kwanza tujue ni nani, maana sheria ya paiki ni nyingine na ya maski ni nyingine kabisa. Tukaanza na rangi. Paiki ana mwili wa giza wenye madoa meupe, huyu mwili wake ulikuwa wa kijani hafifu na mistari ya giza inashuka ubavuni. Mkia ncha zake zilikuwa zimechongoka, za paiki zina uduara. Shavuni magamba yako nusu ya juu tu, chini ngozi laini, wakati paiki shavu lake lote lina magamba. Alafu mzee akamgeuza kidogo tuone chini ya taya, kuna vitundu vidogo vimepangwa mstari, nikavihesabu kwa kidole, saba kushoto, saba kulia. Paiki hazidi vitano kila upande, maski anaanzia sita hadi tisa. Kuna na chotara wao, taiga maski, ila yule mkia wake ni wa mviringo, kwa hiyo nae akatoka kwenye hesabu. Shemeji akaridhika.

Sasa kipimo. Ubao wa kupimia mzee aliulowesha kwanza ili usimbandue ute wake, tukamlaza, taya limefungwa limegusa ukuta wa ubao, mkia ukanyooshwa hadi ncha ya mbali, inchi 49, kama sentimita 124 hivi. Nikapitisha futi laini ya fundi cherehani kuzunguka unene wa tumbo, inchi 22. Picha moja, nimemshika kwa mikono miwili amelala, mzee hataki kabisa kuona maski ananing'inizwa kwa taya, anasema uzito wake wenyewe unamuumiza ndani. Tukamrudisha, nikamshikilia shina la mkia hadi akajivuta mwenyewe akaenda.

Shemeji aliuliza mbona haendi kwenye deli. Minnesota maski wa chini ya inchi 54 hachukuliwi, na mi sheria hii naikubali kwa moyo wote, nyumbani pia tuliwahi kuambiwa sangara ni sentimita 50 hadi 85 tu ili wale mama wakubwa wabaki wazae. Maski wakubwa namna hii karibu wote ni majike, na wamechukua miaka zaidi ya kumi kufika hapo. Ukimla mmoja ujue umeondoa nini ziwani.

Tukirudi ubishi ukawa wa kilo, shemeji kashikilia ishirini. Mzee akatoa hesabu yake, mzunguko mara mzunguko, mara urefu, gawa kwa 800, unapata pauni. Nikapiga kwenye simu, pauni 29 na nusu na kidogo, kilo 13 na ushee. Akatuambia na rekodi ya jimbo ilitoka hapo hapo Mille Lacs Novemba 2021, inchi 57 na robo tatu, karibu pauni 56, ikaivunja ya 1957 ya pauni 54. Shemeji bado hakukubali, anasema ile kanuni inampunja samaki.

Mi usiku ule nikaandika kwenye daftari langu: maski, inchi 49, mzunguko 22, vitundu saba kwa saba, kaachiwa hai. Kilo sikuandika, hakupandishwa kwenye mzani.