Sisimizi, dagaa na karatasi tupu

Kigoma, Jumamosi jioni

Swali la mradi wa wanafunzi linasikika jepesi: sisimizi wanapenda nini, wanakimbia nini? Ninalitafakari tena jioni hii, na kinachonikaa kichwani si sukari wala ndimu. Ni njia.

Sisimizi akipata chakula hurudi kiotani akigusisha tumbo chini, anaacha harufu. Wenzake huifuata, na kila anayerudi ameshiba huikoleza. Kwa hiyo ukiweka sukari, asali, mawese na dagaa wa kusaga kwa mpigo mmoja, kilichogunduliwa mwanzo kinaweza kujaa sisimizi hata kama si ndicho kitamu kwao. Mwanafunzi anahesabu 40 kwenye sukari na 3 kwenye dagaa, anaandika "wanapenda sukari". Huenda sukari ilikuwa jirani na shimo tu.

Dawa yake ni kuhamisha. Panga karatasi tano kwa duara kuzunguka shimo, kila moja sentimita 50 kutoka hapo, kivulini. Nne zipate nusu kijiko cha chai cha chakula; ya tano iachwe tupu. Andika dakika aliyofika sisimizi wa kwanza kwenye kila karatasi, kisha piga picha kwa simu kila dakika 5 hadi nusu saa na uhesabu kwenye picha, maana wakishafika 30 jicho haliwawezi. Futa sakafu, weka karatasi mpya, sogeza kila kitu nafasi moja, rudia. Mara tano.

Asali izimuliwe kwa maji: sehemu 1 kwa maji 3, la sivyo inawanasa na utahesabu maiti. Dagaa wawe wasio na chumvi. Kiota chenye mabuu wengi hutafuta protini zaidi, hivyo jibu la wiki hii linaweza kugeuka mwezi ujao.

Upande wa kufukuza ndipo wengi wanapojidanganya. Wanapaka ndimu juu ya msafara, sisimizi wanatawanyika, darasa linashangilia. Lakini hata maji matupu huwatawanya, kwa kuwa yanafuta harufu ya njia. Tafadhali, weka mafungu mawili ya sukari na uchore mduara kuzunguka kila fungu, mmoja wa ndimu, mmoja wa maji, mstari wake uwe na upana wa sentimita 2, bila pengo hata la unywele. Tofauti kati ya hiyo miwili ndiyo kazi ya ndimu. Siki hukauka na nguvu yake hupungua, basi andika na muda. Majivu makavu huwasumbua kukanyaga. Yakilowa umande wanapita juu. Mafuta ya taa yaachwe, yanaua, hayajibu swali.

Na karatasi tupu ikipata sisimizi wanane, usiifiche. Nusa vidole vya aliyeipanga: pengine alikuwa ametoka kula embe.