Asante Isiyo na Katalogi

Jana jioni nilipeleka oda ya mwisho ya mwaka huu. Sebule yangu iligeuka ghala tangu mwezi wa kumi, na sasa mtu anaweza kupita bila kuruka maboksi. Utepe wa kufungia umerudi kwenye droo, stakabadhi zimepangwa, simu imepungua kulia. Leo asubuhi nimekaa mezani na daftari langu jeusi, kalamu mbili na kadi arobaini zisizo na neno hata moja. Leo siuzi. Leo nawashukuru wenyeji wangu.

Daftari hili nililianza mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya kuuza vyombo majumbani mwa watu. Kila hafla ina ukurasa wake: tarehe, jina la mwenyeji, wageni waliofika, jumla ya mauzo. Chini kabisa kuna mstari ambao hakuna aliyenifundisha kuuandika. Hapo naweka jambo moja nililoliona siku hiyo. "Aliazima viti kwa jirani." "Mwanawe alinibebea mabegi mpaka nje, na hakuna aliyemtuma." "Kifuniko cha bakuli lake la bluu kimepasuka, hakulalamika." Mistari hiyo ndiyo inayoniandikia kadi. Bila hiyo ningeandika "asante kwa ushirikiano wako" mara arobaini, na kila mwenyeji angejua kwamba nimeandika hivyo mara arobaini.

Kwa asiyeijua kazi hii, mambo huenda hivi. Mtu anakubali kuwaalika rafiki, ndugu na majirani nyumbani kwake. Mimi nafika na bidhaa, naonyesha zinavyotumika, wageni wanashika, wanauliza, wanaagiza. Napata kamisheni, na mwenyeji anapata zawadi au punguzo linaloongezeka kadiri mauzo yanavyopanda. Kwenye karatasi za kampuni hesabu inaishia hapo: yeye katoa sebule, kalipwa zawadi, tumemalizana.

Hatujamalizana. Miaka saba ya kuingia na kutoka nyumba za watu imenionyesha kwamba sebule ndiyo sehemu ndogo kabisa ya anachotoa. Wageni wale hawanijui. Wameacha shughuli zao kwa sababu yeye ndiye aliyesema "njooni kwangu Jumamosi". Anaponitambulisha na kusema "huyu ni mtu wangu", jina lake linanitangulia. Chombo kikipasuka wiki ya pili, si mimi watakayekutana naye ngazini au kazini Jumatatu, ni yeye. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini katika kazi yangu mara nyingi naona kinyume chake: mgeni ndiye aliyepona, na mgeni huyo ni mimi.

Napenda kusoma historia ya kazi hii, na kila nikisoma kuna watu nawatafuta nisiwaone. Mabakuli ya plastiki ya Earl Tupper yaliingia sokoni Marekani mwaka 1946, lakini madukani hayakutoka vizuri. Mnunuzi hakujua namna ya kukibana kifuniko mpaka hewa itoke, kwa hiyo palihitajika mtu wa kumwonyesha. Brownie Wise alikuwa akiyaonyesha kwenye sebule za watu, na akayauza kwa wingi mpaka mwaka 1951 Tupper akamkabidhi uongozi wa mauzo ya majumbani na kuyaondoa mabakuli madukani. Mwaka 1954 Wise akawa mwanamke wa kwanza kutokea kwenye jalada la jarida la Business Week. Miaka minne baadaye akaachishwa kazi. Mary Kay Ash, ambaye kama Wise aliwahi kuuza majumbani bidhaa za Stanley Home Products, alianzisha kampuni yake mwenyewe mwaka 1963. Majina haya nayaheshimu, na lile la Wise linaniuma, kwa jinsi mtu alivyojenga nyumba kisha akatolewa nje. Lakini zile sebule zilikuwa za nani? Kuna mwanamke fulani aliyesogeza meza, akawaita jirani zake, akahofu kwamba hawatakuja. Huyo hayumo kwenye historia niliyoisoma. Naomba asikosekane kwenye daftari langu.

Sikuanza nikiwa na fikra hii. Mwaka wangu wa pili nilituma kadi nzuri kweli, karatasi nzito yenye pambo la dhahabu pembeni. Ndani niliandika shukrani kwa mkono. Nyuma nikabandika ukurasa wa bidhaa mpya, fomu ya oda, na maneno niliyoyapata kwenye mafunzo: nafasi za Januari zinajaa haraka. Nilijiona nimefanya kazi safi. Siku tatu baadaye akanipigia mama mmoja mtu mzima aliyenipokea nyumbani kwake mara mbili mwaka huo.

"Mwanangu, kadi yako nimeipata," akasema. "Nilifurahi mpaka nilipoigeuza."

Sikupata la kujibu. Nikamwomba radhi, naye akanyamaza kidogo, kisha akaniambia bila hasira kwamba mwaka huo hali haikuwa nzuri kwake na asingeweza kununua, na kwamba alikuwa ameanza kutafuta namna ya kunieleza ili nisimwone vibaya. Hebu fikiria. Nimemtumia mtu shukrani, nayo imegeuka deni. Amekaa na kadi yangu mkononi akitunga udhuru. Nilimwambia, "Mama, hudaiwi kitu na mimi, mimi ndiye ninayedaiwa," na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba maneno yale yalitakiwa kuwa ndani ya kadi tangu mwanzo.

Tangu siku ile kadi zangu za sikukuu hazina katalogi, wala punguzo, wala jina la kampuni. Kadi zilizochapwa tayari zenye nembo naziacha kwenye bahasha yake. Simpelekei mwenyeji bidhaa mpya kama zawadi pia, maana bidhaa mpya ni sampuli hata ukiifunga utepe. Safari hii nimevunja mwiko huo mara moja tu: nimeagiza kifuniko cha lile bakuli la bluu. Ni kitu alichostahili kupewa tangu siku niliyokiona kimepasuka, na nimeona aibu kukaa nacho kwenye maandishi miezi mitano.

Wenzangu katika timu hawakubaliani nami, na hoja yao naielewa. Januari ni mwezi mkavu. Anayetaka hafla za Januari huziweka kwenye kalenda Desemba, na mtu wa kwanza kuombwa ni yule aliyewahi kukubali. Wananiambia barua isiyo na ombi ni nafasi iliyopotea. Kweli Januari zangu ni nyembamba kuliko zao. Ila mimi ninapotaka hafla napiga simu katikati ya Januari na kusema wazi: dada, naomba unipokee tena nyumbani kwako. Ombi naliacha liwe ombi. Mtu anaweza kulikataa bila kuhisi kwamba ameitupa shukrani yangu.

Na sikukuu zina kelele zake. Kila anayeuza kitu anatuma ujumbe. Heri na fanaka kwa wateja wetu wote, ofa inaisha usiku wa leo. Mwenyeji anafungua simu akiwa na wageni mlangoni na watoto likizo, anapitisha kidole tu. Ndiyo maana wale nisioweza kuwaandikia nawapigia, mchana, baada ya kuuliza kama ana dakika mbili. Nataja lile jambo moja la kwenye mstari wa chini, nashukuru, naaga. Wengi, kwa uungwana wao, huniuliza: "Haya, una nini kipya?" Mwaka wa kwanza wa kufanya hivi ulimi uliniwasha. Sasa najibu, "Leo sina kitu, nimekuja mikono mitupu," na mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza: habari za mgonjwa, za mtoto aliyefaulu, za nyumba wanayohama.

Kadi za leo nyingi zimekwenda haraka. Dada aliyenipokea mara sita anajua ninavyompenda, yake ina mistari mitatu. Wawili waliokwisha niambia hawataki tena hafla nimewaandikia pia, na nimehakikisha hakuna neno ndani linaloweza kusomeka kama kubembeleza. Kuna mmoja aliyefiwa na mume mwezi wa nane. Kwake kadi yenye nyota na kengele haifai, na kadi ya rambirambi imechelewa. Kesho nitakwenda kukaa naye tu.

Kuna yule ambaye oda ya hafla yake ilichelewa mwaka jana. Bidhaa ziliisha ghalani, nikapewa tarehe, tarehe ikapita, nikapewa nyingine. Zawadi ambazo rafiki zake walizinunua kwa ajili ya sikukuu zilifika sikukuu imeshapita. Mimi niliwarudishia fedha waliotaka, lakini yeye ndiye aliyepokea maneno. Baadaye nilikuja kusikia kutoka kwa mgeni mmoja kwamba kila aliyelalamika alimwambia, "Msimlaumu yeye, alikuwa akinipigia kila siku." Ni kweli nilikuwa nikimpigia kila siku. Sikujua kwamba alikuwa akihesabu. Kadi yake nimeiandika mara mbili, ya kwanza ilikuwa imejaa maelezo ya kampuni na ghala. Niliichana. Ya pili inasema nilivyosikia alichonisemea nikiwa sipo.

Halafu kuna ukurasa wa kumi na nne.

Miaka minne iliyopita, mwenyeji alipanga viti kumi na viwili. Alikuwa ameviweka nusu duara, akaweka na maua. Saa ilipofika hakuna mtu. Nusu saa baadaye akaja mgeni mmoja, akatazama viti, akakaa cha pembeni. Simu ya mwenyeji ikawa inalia: mmoja kaumwa ghafla, mwingine kasahau, mwingine mvua. Nilimwona akienda jikoni na kurudi, akienda na kurudi, bila kubeba kitu. Mwishoni akaja mgeni wa pili, kachelewa sana. Niliwaonyesha bidhaa wote wawili kama ambavyo ningewaonyesha ishirini, lakini mauzo hayakufika hata kiwango cha chini cha zawadi ya mwenyeji. Nilipokuwa nafunga mabegi alisimama mlangoni akaniomba msamaha. Mimi! Aliniomba msamaha mimi, kwa kunipotezea muda. Nilimwambia usijali, na nikaondoka, na kwa kuwa ukurasa ule haukuwa na kitu cha kujivunia sikuufungua tena kwa muda mrefu. Kadi za miaka iliyofuata alipata, lakini fupi, za adabu.

Mwezi uliopita nilikaa kuchora mishale. Kila hafla huzaliwa na hafla nyingine: mgeni anapenda, anasema na kwangu uje. Nikachukua hafla thelathini na moja za mwaka huu, nikaanza kurudi nyuma, huyu nilimpata kwa nani, na yule kwa nani, ukurasa kwa ukurasa. Hafla kumi na tisa mishale yake ilikutana kwa mtu mmoja, yule mgeni wa pili aliyechelewa. Alinialika kwake mwezi uliofuata, dada yake akanialika, wenzake wa kazini wakanialika, na wageni wao nao wakanialika. Zaidi ya nusu ya mwaka wangu umetoka kwenye vile viti kumi vilivyobaki vitupu na viwili vilivyokaliwa. Na mwenye viti hajui. Kwa miaka minne amekuwa akiamini kwamba hafla yake ilinitia hasara.

Kadi ya kawaida isingeweza kubeba hayo. Nimechukua karatasi ndefu, nikamchorea mishale yenyewe, bila majina ya watu, duara tu na tarehe, kuanzia kwake. Halafu nikaogopa kwamba posta itaifikisha baada ya sikukuu, na jambo hili limeshachelewa vya kutosha. Nikampigia saa nane mchana.

"Dada, una dakika mbili?"

Nikamsomea. Sikusikia kitu upande wa pili mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza taratibu:

"Yule aliyekuja mwisho? Mwenye mwamvuli?"

"Ndiye huyo."

"Alinipigia akiwa njiani," akasema. "Nilitaka kumwambia arudi nyumbani."